Samaki Mkuu na ndoo zetu za Mkunya

Wiki hii tuache mapenzi na mitindo ya nywele, twende majini. Najua wapo walioshaguna: huyu wa Mkunya anajua nini cha maji? Guneni tu. Nimzungumziaye ni Jason Dunford, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1986, akatafuta sifa kwa mikono wakati Kenya nzima inatazama miguu.

Mtindo wake ulikuwa kipepeo. Kama hujawahi kuuona, ni hivi: mikono yote miwili inatoka majini kwa pamoja na kurushwa mbele, huku miguu imeshikana inapiga kama mkia wa samaki. Si mchezo. Hauna mahali pa kupumzikia.

Beijing, Agosti 2008, mchujo wa mita 100. Dunford anagusa ukuta kwa sekunde 51.14. Rekodi ya Olimpiki! Iliyokuwepo, 51.25, ilikuwa ya Michael Phelps tangu 2004. Raha yenyewe haikudumu, maana katika mchujo huohuo Milorad Čavić wa Serbia akaja na 50.76. Lakini jamani, kwa kitambo kile hakukuwa na binadamu aliyewahi kupiga kipepeo cha mita 100 kwenye Olimpiki upesi kuliko Mkenya yule. Akaingia fainali, Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea ya Olimpiki, akamaliza wa tano kwa 51.47. Watu wanaikumbuka fainali ile kwa sababu Phelps alimpita Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mimi namkumbuka wa tano.

Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi, akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo, mbele ya Geoff Huegill wa Australia na Roland Schoeman wa Afrika Kusini. Na London 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya, nchi ya wakimbiaji, siku ya ufunguzi.

Nilimsimulia mjomba haya yote kwa mbwembwe. Akaniangalia, akasema: "Mjomba, huyo ana bwawa. Wewe una nini?"

Hapo alinibana. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, upana mita 25 na, kwa kanuni za zamani, kina si chini ya mita 2. Piga hesabu: lita milioni 2.5, yaani ndoo 125,000 za lita 20. Huku juu ya tambarare ya Makonde mvua ikinyesha ardhi inaimeza, chemchemi ziko kule chini mabondeni. Bibi zetu walishuka alfajiri na kupanda mlima na maji kichwani. Siku hizi yako ya bomba, yanasukumwa na mashine kutoka bondeni, na mwenye bati anakinga ya mvua kwenye kisima chake. Mtoto akichezea maji anachapwa. Bingwa utamtoa wapi? Dunford aliogelea tangu utotoni, mdogo wake David naye hivyohivyo hadi Olimpiki, na baadaye Jason akaogelea akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hata sisi tulipeleka Magdalena Moshi na Hilal Hilal kule Rio 2016, wote mita 50 mtindo huru. Urefu mmoja wa bwawa, kwenda bila kurudi.

Ila mjomba aliposema kuogelea ni kazi ya watu wa pwani, nilikataa. Kila msimu wa korosho vijana wetu wakishalipwa wanateremka Mtwara kutumia, na kituo cha kwanza ni baharini. Binamu yangu, miaka 22, beki wa kutumainiwa hapa kijijini, aliingia maji ya kifua akijua yuko salama. Wimbi moja tu. Wavuvi walimtoa akiwa ameshakunywa chumvi ya kutosha, na suruali ya shughuli yote imeharibika. Wenzake walicheka kuhusu suruali. Yeye usiku ule hakulala, anasema akifumba macho anaona kijani.

Sasa huyu hakuhitaji rekodi, bwana. Alihitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuelea, na hilo halidai bwawa la mita 50. Shule ngapi zimejengwa hatua chache tu kutoka baharini, na watoto wake wanamaliza hawajui kuelea?

Dunford alipostaafu alishika maikrofoni. Siku hizi anajiita Samaki Mkuu na anachana mistari kwa Kiswahili, usiniulize kama ni mkali kuliko wa Bongo, nitagombana na watu. Juzi nilimwekea binamu muziki wake kwenye simu, nikamwambia mwenye sauti ni nani na alifanya nini Beijing. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani," akaniuliza, "huyu Samaki anafundisha?"