Daktari wa anga za juu ni funzo kwa Tawa

MSICHANA wa Tawa, Makueni, anayeambiwa kuwa fizikia si somo lake ana la kujibu. Septemba 1992, Dkt Mae Jemison aliruka kwa chombo Endeavour, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu.

Huyu alikuwa daktari kwanza. Akiwa angali mwanafunzi alifika Kenya, kisha akahudumu Sierra Leone na Liberia. Ajali ya Challenger ya 1986 ilipovuruga ombi lake kwa NASA, aliomba tena, akachukuliwa 1987.

Kwetu, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka pwani ya Malindi tangu 1967, ilhali Shirika la Anga za Juu la Kenya lilianzishwa 2017. Nusu karne! Taifa-1, ya Kenya, ilirushwa 2023, tena kutoka California.