Motokaa Iliyokatwa Paa

Wako wenzetu wanaosema kwamba motokaa ya zamani ikishakatwa na kubadilishwa umbo imekwisha thamani. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi katika karakana ya shule yetu, na juzi nikayasikia kwa mzee mmoja siku ya wazazi: ati motokaa halisi ni ile iliyotoka kiwandani, na fundi wa mtaani ni mharibifu tu. Mimi sikubali, na shahidi wangu ni Mercury moja ya mwaka 1951.

Mercury ilikuwa ikitengenezwa na kampuni ya Ford huko Marekani. Zilitoka kwa maelfu, na mpya yake iliuzwa karibu dola 2,000. Mwaka 1952 kijana mmoja wa California, Bob Hirohata, aliipeleka yake kwa George na Sam Barris, ndugu wawili waliokuwa na karakana katika mji wa Lynwood, karibu na Los Angeles. Hebu fikirini, wasomaji, kazi iliyofanywa huko. Paa lilikatwa likashushwa inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma. Nguzo za katikati, kati ya vioo vya ubavuni, ziliondolewa kabisa. Sasa, ukilishusha paa hivyo hakuna kinacholingana tena: kioo hakiingii mahali pake, mlango unapishana na paa, nyuma na mbele kila kimoja kina mwendo wake. Yambidi fundi akate tena, akunje bati, aunge kwa moto, kisha ajaze maungio kwa risasi iliyoyeyushwa na kuipiga tupa mpaka kiganja kikipita kisihisi kitu. Baada ya hayo ndipo zikaja rangi mbili za kijani. Injini ya Cadillac ilitiwa baadaye.

Mtindo ukapita, kama mitindo yote. Mwaka 1959 kijana asiyetimiza miaka ishirini aliinunua kwa dola 500, motokaa iliyotumika kama nyingine. Ilikaa katika familia yake zaidi ya miaka 60. Alipoamua kuitengeneza upya, angeweza kuirudisha katika umbo la kiwandani, na wale wenzetu wangempigia makofi. Hakufanya hivyo. Aliirudisha vilevile ilivyotoka mikononi mwa akina Barris, rangi kwa rangi. Naona alifanya haki, maana Mercury za kiwandani zilikuwa tele, lakini hii ilikuwa moja. Mwaka 2017 iliandikwa katika daftari la taifa la magari ya kihistoria. Januari 2022 ikauzwa katika mnada wa Mecum, mji wa Kissimmee, jimbo la Florida, kwa dola 1,950,000, bila kuhesabu ada ya wenye mnada.

Mtasema huo ni wazimu wa matajiri. Pengine. Lakini mbona matajiri haohao hawalipi kiasi hicho kwa Mercury ya mwaka uleule ambayo haikuguswa? Bati ni lilelile. Kilichozidi ni msumeno, tupa, na jicho la fundi.

Sisemi kwamba kila anayekata motokaa ni Barris. Nyingi hukatwa na watu wasiopima, mvua ikaingia na milango ikakataa kufunga, na hizo nazo hutangazwa kwa maneno matamu. Kwa hiyo mnunuzi hupitisha sumaku kwenye bodi. Isiposhika, ajua kwamba chini ya rangi hakuna chuma cha kutosha, ni puti iliyoficha kutu. Na hapa pana jambo linalonifurahisha sana: risasi nayo haishikwi na sumaku! Basi sumaku peke yake haiwezi kututenganishia ustadi na udanganyifu. Hutenganishwa na maelezo ya kweli: nani alikata, wapi, lini, picha ziko wapi, chuma cha chini kilikuwa katika hali gani. Muuzaji anayesema tu kwamba gari "imetengenezwa upya" bila kueleza hayo, mimi nisingempa hata amana.

Ndiyo maana naomba walimu wetu waturuhusu, kila kazi ya karakana inapomalizika, tubandike karatasi ya kueleza tulichokata, tulichounga na tulichojaza, hata kama ni kiti cha darasani. Na wazazi wanaowakataza watoto wao kuchagua ufundi kwa kuogopa mikono michafu, nawaomba waje kuzisoma karatasi hizo. Picha ya Mercury ya kijani nimeibandika ukutani, juu ya jiliwa la pili. Anayetaka kunipinga anikute hapo Jumatano baada ya masomo.