Hatifungani ya Kijani Si Sadaka

Kila hatifungani ya kijani inapozinduliwa nchini, majukwaani husikika hotuba ileile: kwamba mwananchi aliyeinunua ameonesha uzalendo na mapenzi kwa mazingira. Kauli hiyo yapendeza masikioni, ila inaficha jambo la msingi.

Tazama Tanga. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya mji huo iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Maombi yalizidi kiasi kilichotakiwa. Je, wanunuzi wote walikuwa wakiuwazia Mto Zigi na misitu ya Amani? Mwalimu mstaafu anayewekeza kiinua mgongo chake hutanguliza maswali mawili: nitapata nini, na je, nitalipwa? Hakuna aibu katika maswali hayo. Fedha ya uzeeni si ya kuchezea.

Hatari iko kwingine. Riba iliyokwisha kupangwa haipandi kwa kuwa chanzo cha maji kimehifadhiwa, wala haishuki kwa kuwa kimeachwa kikauke. Mwekezaji aweza kulipwa hadi senti ya mwisho huku ukijani ukibaki ndani ya makabrasha. Basi wanaodai kwamba tamaa ya faida peke yake italinda mazingira wanamkabidhi ulinzi mtu ambaye hajapewa tochi.

Wapo watakaosema: kumbe mwananchi hajali. Nakataa. Mkazi wa Tanga anajua kwamba tope linaloshuka mtoni hutoka kwenye miteremko ya Usambara iliyofyekwa, na kwamba gharama ya kuyasafisha maji hayo hatimaye humrudia yeye katika ankara. Moyo anao, anachohitaji ni taarifa anayoweza kuisoma na kuihakiki.

Kwa hiyo ninyi watumishi wa umma mnaosimamia masoko ya mitaji, na ninyi wanaharakati, dai letu liwe moja: kila mwaka itolewe ripoti kwa Kiswahili, iliyokaguliwa na mkaguzi huru, ibandikwe hadi ofisi za kata. Ieleze fedha ilikwenda wapi, mabomba mangapi yamelazwa, kaya ngapi zimeunganishwa, na hali ya chanzo cha maji ikoje. Anayeshindwa kueleza hayo avuliwe jina la kijani, aendelee kukopa kama wakopaji wengine.