UMRI WA VIJANA WETU NA HESHIMA YA TAIFA

Novemba 2023 vijana wa Unguja na Pemba wasiozidi miaka 15, hao waitwao Karume Boys, walikwenda Uganda katika mashindano ya CECAFA, wakarudi na kikombe. Waliowashinda katika mchezo wa mwisho ni Waganda wenyewe, nyumbani kwao Njeru, kwa mikwaju ya penalti. Jambo hilo si dogo. Wazee waliokumbuka Kikombe cha Chalenji cha 1995, ambacho baba zao vijana hawa walikitwaa huko huko Uganda, walitikisa vichwa kwa furaha.

Watu walishangilia, na ilikuwa haki yao. Lakini ngoma imekwisha kitambo, na gazeti la chama halikuwekwa kwa ajili ya kushangilia tu. Sisi twataka kuuliza: kijana aliyetwaa kikombe akiwa na miaka 15, akifika miaka 17 anakwenda wapi?

Zanzibar ni mwanachama wa CECAFA, lakini si mwanachama wa FIFA. Katika CAF tulipokewa uanachama kamili Machi 2017 huko Addis Ababa, tukaambiwa sisi ni wa 55. Julai ya mwaka ule ule tukaambiwa ilikuwa makosa, kwani nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne! Na hali tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Mwingereza akiwa bado amekaa juu yetu, timu ya Zanzibar ilikuwa ikishindana kwa jina lake na Kenya, Uganda na Tanganyika kugombea Kikombe cha Gossage, kikombe cha wauza sabuni. Juu ya uanachama huo tumekwisha sema mengi na tutasema tena. Leo tuna neno jingine, ambalo halingoji barua ya Cairo wala ya Zurich.

Kwa kijana wa Zanzibar wa miaka 17, mlango wa Afrika ni mmoja: timu ya Tanzania, Serengeti Boys. Basi na tuitazame timu hiyo imepita wapi, maana khabari zake ni zetu pia.

Serengeti Boys walikwisha kufuzu kwenda katika fainali za Afrika za 2005 zilizochezwa Gambia. Hawakwenda. Waliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Jasho la timu nzima likamwagika kwa ajili ya mtu mmoja, na wenziwe waliokuwa na umri wa haki wakakaa nyumbani pamoja naye.

Miaka ikapita mingi. Mwaka 2016 walicheza na Kongo Brazzaville mchezo wa mwisho wa kufuzu. Dar es Salaam tukashinda 3 kwa 2, Brazzaville tukafungwa 1 kwa 0, na kwa bao la ugenini tukatolewa. Mara hii Tanzania ndiyo iliyolalamika juu ya umri. CAF ikamwita mchezaji wa Kongo apimwe, hakutokea, na mapema 2017 Kongo ikaondolewa na nafasi yake tukapewa sisi. Hivyo ndivyo tulivyoingia fainali za vijana chini ya miaka 17 kwa mara ya kwanza.

Na vijana hawakutuaibisha. Huko Gabon, Mei 2017, walitoka sare 0 kwa 0 na Mali, ambao mwishowe ndio waliokuwa mabingwa wa Afrika. Wakawafunga Angola 2 kwa 1. Ilibaki Niger. Sare ingetosha kuwapeleka nusu fainali, na aliyefika nusu fainali alikuwa amekwisha kukata tikiti ya Kombe la Dunia, India. Wakafungwa 1 kwa 0. Wao na Niger walikuwa na pointi nne nne, lakini Niger ilikuwa imewafunga, ikapita. Bao moja tu!  Mwaka 2019 fainali zililetwa nyumbani, Dar es Salaam, na tukafungwa michezo yote mitatu: Nigeria 5 kwa 4, Uganda 3 kwa 0, Angola 4 kwa 2. Hata katika fainali hizo umri ulizusha fitina, kwani Guinea waliofika mchezo wa mwisho walipatikana na kosa la umri, na safari yao ya Kombe la Dunia huko Brazil wakapewa Senegal. Dada zao, hapana budi tuseme, wamewapita: Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko India 2022, wakiwa wamewafunga Ufaransa 2 kwa 1.

Mtu asije akadhani kwamba twawanyooshea kidole wa ng'ambo ya maji. Aprili 2018, katika mashindano ya CECAFA ya vijana chini ya miaka 17 huko Burundi, timu iliyoondolewa kwa kuleta wachezaji waliozidi umri uliowekwa ilikuwa ya Zanzibar. Mwaka mmoja haujatimia tangu tunyang'anywe uanachama wa CAF, huku tukiwaambia walimwengu kwamba sisi twajua kujiendesha, na sisi wenyewe tukawapa fimbo ya kutupigia. Haidhuru ikiwa ilikuwa hila au ilikuwa uzembe wa kutosoma barua. Aliyerudishwa nyumbani ni kijana.

Wako wanaosema: "Vijeba wako kila nchi, kwa nini sisi tujifunge mikono?" Jibu la kwanza ni kwamba siku hizi mfupa husema. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 huko Nigeria, FIFA hupiga picha ya kifundo cha mkono kwa mashine, na mfupa ukiwa umekwisha kuungana kabisa huonekana kwamba mwenyewe ameipita miaka 17. Hakuna cheti kinachoweza kubishana na picha hiyo. Jibu la pili ni kubwa zaidi. Kijeba hamwibii Mganda wala Mwangola. Anamwibia mtoto wa jirani yake.

Na mtoto huyo twamjua. Mtu anayetaka kumwona na aende Paje jioni, maji yanapopwa. Upande mmoja wageni wanarusha tiara zao za baharini, upande mwingine kina mama wanarudi na magunia ya mwani, na katikati, juu ya mchanga mbichi, vijana wanacheza mpira pekupeku, milango miwili ya ndala. Kutoka hapo mpaka Uwanja wa Amani ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Je, wanaowachagua vijana wa taifa wamekwenda mara ngapi kuwatazama vijana wa Paje, wa Jambiani, wa Bwejuu? Wamefika Micheweni? Mchaguzi asiyetoka mjini huona wale wale wa mjini, na wale wale wakikua huona tabu kuwaacha, akaanza kuwapunguzia miaka. Vijeba wengi huzaliwa ofisini.

Paje hakuna siri ya umri. Mama huenda asiikumbuke tarehe, lakini atakwambia mwanawe kazaliwa mwaka wa kiza, 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima karibu mwezi mmoja. Au kazaliwa mwaka ilipozama Spice Islander, 2011. (Kwa hesabu hiyo wale wa kikombe cha 2023, wakubwa wao walikuwa watoto wa kiza, na walivyocheza hawakuonekana kuwa na kiza chochote.) Mama ajua, jirani ajua, mwalimu wa chuoni ajua, sheha ajua. Anayesahau ni mtu mzima mwenye haraka ya kikombe.

Basi twawaomba wanachama wetu, tukianza na wa Paje, wasingoje amri. Kila mtoto anayecheza katika timu za Juvenile, Junior na Central awe na cheti chake cha kuzaliwa kabla hajapewa jezi. Asiye nacho apelekwe kwa sheha, na kutoka hapo kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, mapema, wakati bado hakuna mashindano yanayomfanya mtu yeyote atamani kuandika uongo. Wazazi wakatae kabisa cheti cha pili. Na kiwanja cha mpira cha kila kijiji cha pwani kiandikwe kuwa cha kijiji, maana kila hatua ya ardhi ya Paje leo ina mtu anayeitaka, na watoto hawawezi kucheza mpira bahari inapojaa.

Kwa viongozi wa mpira, wa ZFF hapa na wa TFF huko Dar es Salaam, tuna maswali mawili tu. Fainali kuu za Afrika za 2027 zimepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na fedha nyingi zimetengwa kwa viwanja. Ni kiasi gani kati ya fedha hizo kitawafikia walio chini ya miaka 17? Na wachaguzi wa Serengeti Boys watakuja lini Kusini Unguja, lini Kaskazini, lini Pemba, siku gani na kiwanja gani, ili wazazi wawalete watoto wao pamoja na vyeti vyao?

Majibu wakituletea, tutayachapa hapa hapa katika ukurasa huu, neno kwa neno.