Barua za Mpala aliandikiwa nani?

Wenzangu wa idara hupenda kunukuu barua za Mapadri Weupe kana kwamba ni sauti iliyorekodiwa. Padri akiandika kuwa watu wa Mpala husema hivi, basi tumepata ushahidi. Mimi nauliza kwanza: barua hiyo iliandikiwa nani?

Mpala iko kusini ya Kalemie, kando ya ziwa. Storms alijenga kituo pale mwaka 1883, na mapadri wakakipokea mwaka 1885. Lavigerie alitaka kila misheni iwe na kaye ya matukio ya kila siku. Barua nazo zilivuka ziwa mpaka Ujiji, zikaenda na wapagazi hadi pwani, kisha zikapanda meli. Ilikuwa safari ya miezi. Nyingine zilichapwa Lyon katika Les Missions Catholiques, gazeti lililosomwa na watu waliotoa pesa.

Hapo ndipo penye kazi ya mwanaisimu. Kaye ni ya nyumba: mvua, homa, nani kafika, nani katoroka. Barua ni ya mwenye mfuko. Shirika la Sainte-Enfance, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, liliomba senti kwa watoto, na hakuna mtoto anayetoa senti yake kwa habari za mvua. Anaitoa kwa ajili ya mtoto mwenzake aliyekombolewa utumwani. Maneno ya mtoto huyo yalifika Ulaya yakiwa Kifaransa. Aliyasema kwa Kitabwa? Kwa Kiswahili cha misafara? Msomaji wa kule hakuhitaji kujua. Sisi tunahitaji.

Waprotestanti hawakuwa tofauti. Annie Hore, aliyeishi kisiwani Kavala, kaskazini ya mji wetu, alitoa kitabu London mwaka 1886 kuhusu safari yake ya kuja Tanganyika katika kiti cha mgonjwa. Kiti kimeingia mpaka kwenye jina la kitabu. Waliokibeba hawamo. Hata Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu aliyepewa upadri mwaka 1917, alipoandika juu ya fikra za Wabantu, aliandika kwa Kifaransa, na insha ikachapwa Ubelgiji.

Sisemi tuzitupe barua. Mimi mwenyewe nimezitumia. Nasema barua isomwe pamoja na kaye ya siku ileile, tuone neno gani limeongezwa njiani na lipi limeachwa. Lakini kumbukumbu kuu za shirika ziko Roma, na mimi hata pasipoti sina. Kitivo chetu kiandike rasmi kuomba nakala za kaye za Mpala, zipigwe picha tu, zije kwa intaneti. Ombi la ukurasa mmoja linatosha, na siku hizi haliendi na wapagazi.

Katika kazi yangu ya kumaliza masomo nimeweka kurasa mbili za barua. Mwalimu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: linganisha. Nilinganishe na nini?