Duka Linalolijua Ziwa

SAUTI YA LUFIRA
Safu ya kila Jumamosi, na Kasongo wa Ilunga

Fundi anayejua kuunga wavu kwa mkono, na mwenye duka dogo anayeuza kazi ya fundi huyo, ni mali ya mji huu wa Likasi. Tunawapita kila siku sokoni tukikimbilia wavu wa bei ya chini uliokuja umefungwa kwenye plastiki. Leo ninawatetea, na ushahidi wangu wa kwanza unatoka mbali kidogo, Kenya.

Nchini Kenya kuna watu wanaoishi kwa kufunga chambo cha manyoya. Mfungaji huibana ndoano kwenye jiriwa ndogo ya mezani, akaizungushia uzi mwembamba, akafunga mkia, kisha akajenga mwili kwa sufu au manyoya ya mnyama. Mwisho huchukua unyoya wa shingo ya jogoo, akauviringisha hadi vijinyuzi vyake vikasimama pande zote. Hupiga fundo karibu na tundu la ndoano, akaliziba kwa tone la gundi. Kinachotoka hapo ni mdudu wa bandia wa kumdanganya samaki. Chambo hicho ni chepesi mno hata hakitupiki chenyewe. Mshipi mzito ndio unaokirusha. Aina ya kuelea hushikiliwa juu ya maji na ugumu wa ule unyoya. Mfungaji akichagua unyoya laini, chambo huzama, na mnunuzi harudi.

Kazi hiyo haina nafasi ya kubahatisha. Ndoano namba 20 ni ndogo kuliko namba 12, na kwenye kipande hicho cha chuma mtu lazima apange mkia, mwili na mabawa kwa vipimo, kisha atoe dazeni nzima zisizotofautiana. Kampuni ya Fulling Mill ya Uingereza ina kiwanda chake Kenya, na kazi ya mikono hiyo huuzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Trauti, samaki anayevuliwa sana kwa chambo hicho, hata si mzaliwa wa Kenya. Ewart Grogan ndiye aliyeagiza mayai yake kutoka Uskoti mwaka 1905, na samaki wakaachiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mtu wa Nairobi anaweza kufunga chambo miaka na miaka, akasomesha watoto, bila kumvua trauti hata mmoja.

Na ufundi wenyewe ni wa kale. Mwandishi wa Roma, Aelian, karibu mwaka 200, alieleza jinsi watu wa Masedonia walivyovua katika mto Astraeus: walizungushia ndoano sufu nyekundu, wakafunga manyoya mawili ya jogoo. Karne kumi na nane zimepita na chambo hicho bado kinafungwa kwa vidole vya binadamu.

Ndugu zangu wa Likasi, tuitazame hesabu hiyo. Ndoano, uzi, unyoya wa kuku: vitu vya bei ndogo sana. Thamani yote imetiwa na mkono unaojua. Sisi tumelalia shaba na kobalti. Malori yanapita mjini kwetu yakielekea mpaka wa Kasumbalesa, na bei ya mzigo wetu inapangwa London. Wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba, wakaimimina katika kalibu, na msalaba wa Katanga ukasafiri ukiwa kitu kilichokamilika, chenye kazi yake na heshima yake. Desturi ya kuuza mkono pamoja na mali tulikuwa nayo. Tumeiacha.

Tukitaka kuirudisha, tuanzie Tshangalele. Ziwa hilo lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha, lililofunga mto Lufira ili viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière vipate umeme. Mitambo yake ilianza kazi mwaka 1930. Umeme ulikwenda viwandani, lakini maji yakaleta samaki, na vijiji vikajengwa kandokando. Hadi leo kambale na tilapia wa huko wanashuka kwenye bukari yetu, yaani ugali, wakishindana na samaki wa barafu tunayemwita Thomson, aliyevuliwa baharini.

Tilapia wa ziwa letu, ambaye wataalamu humwita Oreochromis macrochir, ni samaki ambaye jike hulea mayai mdomoni. Wavu wa macho madogo ukimtoa majini kabla hajazaa, au akiwa na mayai mdomoni, umemaliza samaki wa mwaka huu na wa mwaka ujao kwa mkupuo mmoja. Chandarua cha kukinga mbu kikigeuzwa kuwa wavu, madhara ni yale yale, tena zaidi. Ziwa hili tayari limebeba mzigo mzito: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima metali za migodi na viwanda katika maji na samaki wa bonde la Lufira. Tusiliongezee mzigo mwingine kwa mikono yetu wenyewe.

Hapo ndipo duka dogo linapokuwa na kazi ambayo katoni ya plastiki haiwezi kuifanya. Mwenye duka anayelijua ziwa hukuuliza kwanza unavua wapi na unamtaka samaki gani, ndipo akupe macho ya wavu yanayofaa. Anajua kwamba wavu ukinunuliwa kama jora haujawa wavu bado. Lazima ufungwe kwenye kamba, juu maboya, chini chubwi. Wavu wenye urefu wa mita 100 ukivutwa, hufungwa kwenye kamba ya mita 50 hivi ili macho yake yafunguke. Ukiukaza sana macho hujifumba. Ukiulegeza kupita kiasi unajikunja na kujisokota. Na ukichanika, fundi huyo huyo huketi nao, akakata nyuzi zilizokufa, akaunga jicho kwa jicho hadi pengo lizibe. Wavu mwembamba wa nailoni usio na wa kuushona huachwa majini, nao huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Najua mvuvi atanijibu kwamba mfuko wake hauruhusu. Jibu hilo nalipa heshima, kwa sababu anayelisema analala majini ili sisi tule. Lakini ahesabu msimu mzima, asihesabu siku ya kununua peke yake. Wavu unaoshonwa na kurudi kazini unamlisha. Ule unaotupwa unamrudisha dukani na mkopo mpya.

Basi nina maombi matatu. Wavuvi na wanaowakopesha, pelekeni kwanza pesa zenu kwa fundi wa hapa. Wakuu wa shule za ufundi za Likasi, mwalikeni fundi wa nyavu afundishe vijana, sawasawa na anavyofundisha fundi wa umeme. Na nyinyi vijana wenye vidole vyepesi, jifunzeni pia chambo cha manyoya. Wageni huja Kongo kumtafuta mbenga, yule samaki mkubwa mwenye meno kama visu anayepatikana pia Lualaba na Upemba. Chambo chake kinataka ndoano nene, nywele ndefu na waya wa chuma mbele, maana meno yake hukata mshipi wowote. Manyoya ya mbuzi tunayo, jogoo tunao. Mgeni huyo akitua Katanga, na anunue chambo kilichofungwa Likasi, katika duka la mtu wa Likasi, na fundi wetu alipwe bei ya kazi yake.