Ukali wa Dirishani Huanzia Ofisini

Wananchi wa Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga wana haki ya kulalamika wanapojibiwa kwa ukali katika zahanati na ofisi za vijiji. Mtu aliyevuka maji na mtoto mgonjwa hakuja kuomba hisani. Lakini wapo viongozi ambao dawa yao ni moja tu: kumkemea mtumishi mbele ya mkutano, kisha kupanda boti na kurejea bara kabla jua halijatua. Dawa hiyo haitibu.

Tulipata kumwuliza muuguzi mmoja wa visiwani, aliyelalamikiwa sana, sababu ya maneno yake makali. Hakujitetea. Alisema kwamba fedha zake za uhamisho hazijalipwa tangu ateremke botini, na kwamba aliyemkabidhi barua alimwambia huko ndiko wanakopelekwa wakaidi. Basi ikiwa mwajiri mwenyewe amekifanya kisiwa kuwa jela, mtumishi atawaonaje wakazi wake ila kama wafungwa wenzake?

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi ujeuri na dharau. Wengi huukumbuka kwa migomo iliyofuata viwandani, lakini unalihusu pia dirisha la zahanati. Dharau huteremka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie asiye na wa kumpokeza, naye ni mwananchi.

Mwaka 2004 Serikali ilileta OPRAS. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 utendaji wa mtumishi hupimwa kwa PEPMIS, katika kompyuta. Ni hatua njema, wala hatuipingi. Ila msimamizi aliye ng'ambo ya ziwa husoma kazi zilizoandikwa. Hakumwona muuguzi akizalisha usiku kwa mwanga wa tochi, wala hakumsikia akimfokea mzee asubuhi. Atamjuaje mpole na mkali?

Chuoni tulifundishwa kwamba mwajiriwa hulipwa ujira wake kabla jasho halijakauka. Tunawaomba wakubwa wa Bukoba na Muleba wahakikishe kuwa mtumishi hapandi boti kabla ya kulipwa haki yake ya uhamisho, kwamba anaelezwa kwa maandishi atakaa kisiwani miaka mingapi, na kwamba afisa utumishi analala huko walau usiku mmoja kila robo mwaka. Hayo yakitimia, na muuguzi akaendelea kumtukana mgonjwa, sisi tutakuwa wa kwanza kudai achukuliwe hatua.